Kukuza Shirika la Vijana kwa Ubia na Wafanyabiashara: Mwongozo Kamili Kutoka Arusha

Mwaka wetu wa kwanza tulichapa barua arobaini, zote zikianza na maneno "YAH: OMBI LA UFADHILI", tukazigonga mhuri na kuzisambaza mjini Arusha kuanzia Barabara ya Sokoine hadi Njiro. Majibu yalikuja mawili. Moja lilikuwa katoni la madaftari, la pili ahadi ambayo mpaka leo haijatimia.

Mwaka wa pili tuliingia kwenye hoteli moja bila barua. Tulimwuliza msimamizi wa vyumba ni kazi gani inamnyima usingizi. Akatueleza habari za dobi: wafuaji na wapiga pasi huacha kazi kila msimu unapochanganya, na kila mfanyakazi mpya humchukua wiki tatu kumfundisha asiunguze shuka. Tulimwomba atuonyeshe kazi yenyewe. Baada ya mwezi tulirudi na vijana watano ambao mikono yao ilikwisha kuzoea pasi. Wanne walibaki. Hoteli ya jirani ikasikia, ikapiga simu yenyewe. Shirika letu lilianza kukua siku hiyo, na karibu kila kilichofuata kimetokana na swali lile moja.

Ninaandika kwa shirika dogo au la kati la Tanzania, lenye watumishi watatu mpaka kumi na watano. Msomaji wa Kenya atazikuta hatua zilezile ila sheria zitatofautiana: kwake kuna Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyoanza kutumika Mei 2024, na tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi.

Hatua ya 1: Panga jalada kabla ya kutoka ofisini

Mfanyabiashara akivutiwa, swali lake la pili au la tatu litakuwa ninyi ni nani kisheria. Usimjibu kwa maneno. Uwe na jalada moja la karatasi na nakala yake kwenye simu: cheti cha usajili chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, TIN, barua ya benki inayoonyesha kuwa akaunti ni ya shirika na ina watia saini zaidi ya mmoja, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, na orodha ya wajumbe wa bodi. Angalia tarehe ya cheti, kwa sababu tangu marekebisho ya 2019 kina ukomo wa miaka 10. Angalia na ngazi ya usajili: wa wilaya, mkoa au taifa. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yako ndiye mtu wa kumwona mapema kwa maswali haya, na ukimzoea atakusaidia mambo mengi zaidi ya cheti.

Kitu kimoja kinachosahauliwa ni sera ya ulinzi wa mtoto. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Maana yake kundi lako moja lina watoto na watu wazima, na unawapeleka wote mahali usipokuwepo. Andika kurasa mbili tu: nani anaruhusiwa kubaki peke yake na kijana, malalamiko yanapokelewa na nani, na nini kinafanyika ndani ya saa 24 baada ya lalamiko. Wa chini ya miaka 18 wasiende kabisa kwenye kazi za hatari kama mashine za kukata, kemikali za kupulizia maua au kupanda juu ya mapaa. Sisi tumeamua kuwa kazini tunapeleka waliotimiza 18 tu. Wadogo wao hupata ziara za siku moja na mafunzo darasani.

Hatua ya 2: Tembea kwa miguu na daftari

Ugawe mji wako kwa aina ya kazi. Kwetu, Unga Limited ni gereji na karakana, Themi ni viwanda, Usa River ni mashamba ya maua na hoteli, na katikati ya mji ni kampuni za utalii. Chukua wiki mbili, tembea, andika: biashara gani, ina watu wangapi kwa kukadiria, nani mwenye kauli, kazi zipi huwa na matangazo ya "Nafasi za kazi" mlangoni mwaka mzima. Tangazo lisilotoka mlangoni ni dalili ya biashara inayopoteza watu. Hao ndio wa kuanza nao.

Wengi hukimbilia kampuni kubwa za simu na benki. Ninaelewa kwa nini, na baadaye nitaeleza wakati wa kuzifuata. Lakini mbia wako wa kwanza awe biashara ya kati, yenye watu kama 15 mpaka 80, ambayo mmiliki bado anaonekana dukani au kiwandani. Mmiliki huyo huamua mchana uleule. Meneja wa tawi la kampuni kubwa atakuambia, na kwa ukweli kabisa, kwamba jambo lako ni lazima liende Dar es Salaam.

Ukiwa huna mtu wa kukupeleka, nenda ofisi ya TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo, ya mkoa au ya wilaya uombe kuhudhuria mkutano wao mmoja. Kwa Arusha wapo pia TATO, chama cha mawakala wa utalii. Usipewe kipaza sauti siku ya kwanza. Kaa, sikiliza wanalalamikia nini, chukua namba tatu za simu.

Hatua ya 3: Chagua majira

Hili ni la kwetu sana lakini kila mji una lake. Utalii wa kaskazini huchanganya Juni mpaka Oktoba, kisha Desemba mpaka Februari. Masika ya Aprili na Mei kambi nyingi za mahema hufungwa. Meneja ukimfuata Agosti atakujibu amesimama, tena kwa adabu tu. Mfuate Aprili, atakuagizia chai. Na kwa kuwa anajua atahitaji watu Juni, maneno yako ya Aprili yana uzito. Kwa gereji, epuka Jumatatu asubuhi na mwisho wa mwezi. Kwa maduka ya vifaa vya shule na sare, Januari usithubutu.

Hatua ya 4: Mazungumzo ya kwanza

Salimia kwanza, kwa heshima ya mahali. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekuzidi umri ni "Shikamoo mzee", wala si "Habari ya kazi, naitwa Mkurugenzi Mtendaji". Cheo chako atakiona kwenye kadi. Kama wateja wote wanamwita Mangi, subiri akuzoee ndipo umwite hivyo.

Kisha uliza, na funga mdomo. Maswali yaliyotufaa ni haya: Kazi gani watu huiacha upesi? Mfanyakazi mpya huchukua muda gani kabla hujamwamini kumwacha peke yake? Mara ya mwisho ulipomfukuza kijana, ilikuwa kwa sababu gani? Swali hili la tatu ndilo lenye dhahabu. Katika biashara zaidi ya ishirini tulizouliza, kukosa ujuzi kulitajwa mara chache. Yaliyotajwa ni kuchelewa, simu mkononi mbele ya mteja, kutotoa taarifa anapougua, na udokozi. Mafunzo yetu tuliyapangua yote baada ya majibu hayo.

Usisimulie umaskini wa vijana wako. Nimewahi kufanya hivyo, na nilipofika nje nilijiona nimewauza. Kijana atakayekuja kufanya kazi pale Jumatatu asikute wenzake wamekwisha kusimuliwa kwamba mama yake ni mgonjwa.

Jiandae kwa jibu moja utakalolisikia mara nyingi: "Mimi nalipia mafunzo tayari, kila mwezi TRA wanachukua SDL." Ana haki. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa TRA, mamlaka ya mapato, tozo ya kuendeleza ujuzi (SDL) kutokana na jumla ya mishahara, iliyoshushwa Julai 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Usibishane naye. Mwambie kwamba tozo ile inakwenda serikalini na sehemu yake inaendesha vyuo vya ufundi vya VETA, na kwamba unachomwomba ni nafasi ya kumwona kijana kwa wiki nane kabla hajaamua lolote. Kama kuna chuo cha VETA jirani, waunganishe wote watatu: chuo kina walimu na mitihani, biashara ina kazi yenyewe, wewe una vijana na muda wa kuwafuatilia. Mfumo wa uanagenzi, ambamo kijana hugawa muda kati ya chuo na kazini, unajulikana VETA. Huna haja ya kubuni wako.

Hatua ya 5: Toa ofa ndogo yenye bei

Vijana watano, wiki nane, kazi moja. Usizidishe. Ukipeleka ishirini, sita kati yao wakaharibu, mlango umefungwa. Ukipeleka watano na mmoja akaharibu, mmebaki na wanne wa kuzungumzia.

Bei iandikwe wazi. Huu ni mfano wa hesabu zetu, weka viwango vya mji wako. Nauli ya kwenda na kurudi shilingi 1,400 na chakula cha mchana 2,500 ni 3,900 kwa siku. Siku sita kwa wiki, wiki nane, ni siku 48: shilingi 187,200 kwa kijana, 936,000 kwa watano. Wiki mbili za maandalizi kabla ya kuanza, siku 12 kwa kiwango hichohicho, ni 234,000. Viatu vya kufungwa na aproni, 45,000 kila mmoja, 225,000. Ziara za mfuatiliaji, mtumishi wetu anayewatembelea vijana kazini, kila wiki, 15,000 kwa wiki nane, 120,000. Dharura 85,000. Sehemu ya mshahara wa mfuatiliaji, 400,000. Jumla shilingi 2,000,000 kamili.

Usiufiche huo mshahara. Mashirika mengi huandika bajeti kana kwamba watumishi wake wanakula hewa, halafu mwaka wa pili mfuatiliaji anaondoka na ubia unakufa. Mfanyabiashara anajua kazi ina gharama. Akiona umeficha, atajiuliza umeficha nini kingine. Sisi huomba biashara ilipe nauli na chakula, yaani ile 936,000, na 1,064,000 inayobaki tunaibeba wenyewe kwa kundi la kwanza tu. Kwa kundi la pili mgawanyo hubadilika, na hilo tunalisema mapema.

Hatua ya 6: Andikianeni

Ukurasa mmoja na nusu unatosha, kwa Kiswahili ambacho kijana mwenyewe anakisoma. Ndani yake viwepo saa za kazi, jina la msimamizi wa upande wao na wa kwenu, nani analipa nini na tarehe ipi, kazi ambazo kijana hatafanya, nini kitatokea akiumia, na nini kitatokea baada ya wiki ya nane. Kuhusu kuumia, uliza moja kwa moja kama mwanagenzi atakuwa ndani ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Jibu likiwa na kigugumizi, tafuta bima ya ajali kabla ya siku ya kwanza.

Kuna mambo mawili ya kisheria yanayowaponza watu. Kwa kanuni za 2018, mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 hupelekwa Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Ofa ndogo haifiki huko, lakini ukikua utafika, na kampuni makini itakuuliza. La pili ni picha na taarifa za vijana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Kampuni ikitaka picha ya kijana kwa tangazo lake, kijana akubali kwa maandishi baada ya kuelezwa itatumika wapi, na awe na uwezo wa kukataa bila kupoteza nafasi. Majibu ya vipimo vya afya, namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na historia za familia hazitumwi WhatsApp.

Hatua ya 7: Wiki nane zenyewe

Hapa ndipo ubia unapozaliwa au kufa, na hapa ndipo mashirika hulegea kwa sababu sherehe ya kusaini imekwisha.

Wiki mbili za maandalizi, vijana wafike saa moja asubuhi, saa ya kazi kamili, kila siku. Anayechelewa mara tatu hatakwenda kundi hili. Atasubiri la pili. Inauma, na wazazi hulalamika, lakini mwajiri alikuambia mwenyewe anachofukuzia watu. Wafundishe kupiga simu ya kuomba ruhusa: "Shikamoo bosi, nimeamka na homa, naelekea zahanati, nitakupa taarifa mchana." Sentensi hiyo imewaokolea vijana wetu kazi nyingi kuliko cheti chochote.

Nauli itolewe kila Jumapili jioni kwa wiki nzima, kwa simu. Tulipokuwa tukiitoa mwisho wa mwezi, vijana waliacha kuja wiki ya pili na meneja akaandika "wavivu". Hawakuwa wavivu, walikuwa wakitembea kutoka Ngaramtoni. Harambee, shirika la ajira za vijana la Afrika Kusini lililoanza 2011, limezungumzia sana gharama ya usafiri inavyomzuia kijana kuipata na kuishika kazi; pia lilitumia vipimo vya uwezo wa kujifunza badala ya kutegemea alama za shule. Yote mawili tumeyaona yana ukweli hapa kwetu.

Mfuatiliaji afike kila wiki, azungumze na msimamizi kwanza na kisha kila kijana pembeni, dakika kumi kila mmoja. Wasichana wawe na mwanamke wa kuzungumza naye. Tulikuwa na msichana kwenye gereji moja aliyesema "hamna shida" kwa wiki nne kwa mfuatiliaji wa kiume. Alipokwenda mwenzetu wa kike, alisimulia yote. Tulimtoa siku hiyohiyo, tukamwendea mmiliki jioni, tukafunga ubia. Gereji ile ilikuwa inatulipa vizuri. Kama huna uhakika shirika lako lingeweza kufunga ubia ndani ya siku moja, rudi hatua ya kwanza, kwenye zile kurasa mbili.

Hatua ya 8: Peleka hesabu wanazozielewa

Baada ya wiki nane andika ukurasa mmoja. Walioanza, waliomaliza, walioajiriwa na kwa mshahara gani, siku ambazo kijana hakufika bila taarifa. Rudi mwezi wa tatu na wa sita, hesabu waliobaki. Idadi ya waliohudhuria semina haimsaidii mwajiri lolote. Linalomsaidia ni kujua kwamba amepata mtu aliyekaa miezi sita, na wiki ngapi za kufundisha ameziokoa. Aliyeacha kazi naye aandikwe, pamoja na sababu yake. Kampuni ya pili tuliyoipata ilituamini kwa sababu ripoti yetu ilikuwa na vijana wawili walioshindwa na maelezo ya kwa nini.

Hatua ya 9: Kutoka biashara moja hadi kumi

Sasa unayo ya kusema. Mwombe mbia wa kwanza apige simu mbili kwa wenzake. Simu yake ina nguvu kuliko andiko lako. Anzisha ada. Huko Marekani, shirika la Year Up lililoanza Boston mwaka 2000 lilijengwa juu ya wazo kwamba kampuni inayopokea vijana wa mafunzo inalipia nafasi hizo, kwa sababu inapata kazi na inapata nafasi ya kuchagua. Sisi tulianza na ada ndogo kwa kila kijana aliyepita miezi mitatu kazini. Hotelini ilikubalika, kwenye gereji haikukubalika, tukaigeuza kuwa vifaa vya mafunzo: spana, injini mbovu za kufungulia, mafuta ya kuoshea vyuma. Kila mbia atoe anachoweza, ila kiandikwe thamani yake.

Huu ndio wakati wa benki na kampuni za simu, ambazo kadhaa zina taasisi zao za kijamii, kama CRDB Bank Foundation, NMB Foundation na Vodacom Tanzania Foundation. Fuata kalenda ya mahesabu. Benki zetu hufunga mwaka 31 Desemba, kwa hiyo bajeti ya mwaka ujao inajadiliwa Septemba na Oktoba. Vodacom hufunga 31 Machi. Serikali na halmashauri, 30 Juni. Ukiwa Geita, Kahama au kwingine penye migodi, mlango ni mwingine: Sheria ya Madini inautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Peleka wazo lako halmashauri kabla mpango haujafungwa.

Ijue pia habari ya kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu biashara kuondoa kwenye mapato yanayotozwa kodi michango yake kwa taasisi za hisani zinazotambuliwa, isiyozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kutambuliwa na TRA ni jambo tofauti na kusajiliwa kwa Msajili. Kunaombwa, na kunachukua muda. Usimwahidi mfanyabiashara punguzo kabla hujaipata barua yenyewe. Na kila alichokupa, hata mifuko mitano ya unga, mwandikie stakabadhi.

Mbia mmoja asizidi theluthi moja ya mapato yako. Tulivuka kiwango hicho mwaka mmoja, kampuni ikabadilisha mpango wake, na watumishi wawili wakalala bila mshahara miezi minne.

Hatua ya 10: Wakatae hawa

Kampuni za kubeti, pombe na sigara zitakufuata zenyewe, hasa ukiwa na timu ya mpira. Jezi zao ni nzuri na fedha zipo. Mimi nazikataa zote, kwa sababu vijana wetu wanaopoteza nauli yao kwenye mikeka ninawajua kwa majina.

Mkatae pia mwajiri anayetaka kundi jipya kila baada ya wiki nane na hajaajiri hata mmoja. Kundi la kwanza mpe nafasi, la pili muulize, la tatu lisiende. Huyo ameshagundua kuwa vijana wako ni vibarua wa bure.

Meneja akihama

Mameneja wa hoteli na matawi ya benki huhamishwa, na ubia mwingi hufa kimya namna hiyo. Kila biashara uwe na watu wawili unaowafahamu, mmoja wa ofisini na mmoja wa kazini penyewe, kama fundi mkuu au msimamizi wa zamu. Ukisikia meneja anahama, nenda wiki hiyohiyo. Mwombe akutambulishe kwa anayempokea, ana kwa ana, na mwachie mgeni nakala ya ripoti zote za vijana waliopita pale. Halafu muulize yeye anahamia wapi, na kama kule kuna dobi.